Vifungo vya Nywele za Agnesi

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
2 Juni 1957

Mwanangu Polycarp,

Pokea salamu za shangazi yako, na uniamkie huko huko uliko, maana najua Wazungu hawatakukumbusha. Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikinyesha. Baba yako Vitalis ameandika kutoka Peramiho kuwa mahindi yamekubali mwaka huu na mama yako amepona jino. Mchumba wako Agnesi yuko hapa kazini kwangu kama kawaida. Amesimama nyuma yangu anataka kujua naandika nini. Nimemwambia habari zake hazimo. Amenicheka.

Sasa sikiliza kilichoniudhi. Kazi yangu unaijua, kunyoosha nywele za wanawake kwa kitana cha moto, nayo ndiyo iliyokusomesha. Mwezi uliopita nilimnyoosha bibi arusi mmoja wa Magomeni. Agnesi akapepea mkaa, mimi nikapitisha kitana asubuhi nzima, kichwa kikalala na kung'aa. Wakafunga ndoa salama. Kutoka kanisani, masika ikawadaka hapo hapo kwenye ngazi. Kufika ukumbini nywele zote zimesimama, na shela imekaa juu yake kama kawa juu ya chungu. Mama mtu amekuja hapa kunitukana mbele ya wateja, eti mimi tapeli.

Kila masika ni hivyo hivyo. Maji kidogo, au jasho la dansi tu, na kazi yangu imekwenda. Wewe tulikupeleka Ulaya tukijua utarudi daktari, na barua yako ya mwisho inasema unasomea sufu ya kondoo. Nitawaambiaje watu wa mtaa huu kwamba mwanangu kavuka bahari kwenda kutazama kondoo? Lakini Agnesi kaniambia, "Shangazi, sufu si nywele za kondoo? Muulize." Basi nakuuliza, na kuuliza si ujinga. Kwa nini nywele zinarudi?

Ni mimi shangazi yako,
Hyasinta

*

Leeds, Uingereza.
30 Juni 1957

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi sijambo. Hapa wanasema ni kiangazi, nami nimevaa fulana mbili. Mama mwenye nyumba ananilisha viazi asubuhi na jioni, na Jumapili ananilisha viazi vingine. Naomba umpe Agnesi salamu zangu, ingawa nimemwandikia zake peke yake.

Pole kwa bibi arusi. Lakini swali lako, Shangazi, ndilo hasa linalonikalisha maabara siku nzima, na Agnesi amepatia: sufu na nywele ni kitu kimoja.

Unywele umejengwa kwa kitu kiitwacho protini. Fikiria uzi mrefu uliotungwa shanga. Shanga zenyewe ni za aina kama ishirini, na mpangilio wake haubadiliki ovyo. Uzi huo haukai umenyooka. Unajizungusha kama springi ya kitanda, springi nyingi zinashikana, na hizo zikishikana na nyingine unapata unywele mmoja. Sasa, kitu gani kinaizuia springi isifumuke? Kati ya mzunguko na mzunguko kuna vifungo vidogo sana. Kimoja peke yake hakina nguvu yoyote, lakini viko vingi mno, na umoja ni nguvu.

Adui wa vifungo hivyo ni maji. Maji yakiingia, kifungo kinamwachia mwenzake na kuyashika maji. Wewe unapopitisha kitana cha moto unayafukuza maji, unauvuta unywele, na vifungo vinajifunga upya unywele ukiwa umenyooka. Hujavunja chochote, umevibembeleza tu. Mvua ikija vinaachia tena, na unywele unarudi ulivyoumbwa.

Unauliza unywele unajuaje pa kurudi? Ni kwa sababu vipo vifungo vingine, vikubwa, ambavyo kitana chako hakijawahi kuvigusa. Hivyo ndivyo vinavyoshika umbo.

Mwanao,
Polycarp

*

Kariakoo.
18 Agosti 1957

Mwanangu Polycarp,

Marahaba. Hapa hatujambo. Jirani yetu Theopista amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kama mpiga mnada wa sokoni. Mahali pa kulala hatuna, tunalalia kelele. Mzee Pius, baba yake Agnesi, alipita juzi akitokea Magomeni na msumeno wake begani. Akakataa chai mpaka nimjibu: kijana anarudi Julai mwakani au harudi? Nikamjibu, "Mzee, mimi ndiye mshenga, posa niliileta kwa mikono yangu hii. Anarudi." Ndipo akanywa chai. Kwa hiyo unaona ulimi wa nani uko rehani.

Barua yako nilimpa Agnesi aisome kwa sauti mbele ya wateja. Hapo kwenye springi ya kitanda walicheka sana, lakini walielewa. Mmoja akasema kumbe hata nywele zina chama. Mimi sikucheka. Nilisubiri ufike kwenye dawa, ukafika mwisho ukaweka sahihi. Mwanangu, unamwonyesha mwenye njaa sufuria na kuifunika kawa? Umesema kuna vifungo vikubwa. Basi nataka kinachovifungua. Vuli inakuja, na pale Mtaa wa Kongo kuna mwanamke ameanza kazi kama yangu. Akiipata kabla yangu nitarudi Peramiho kulima.

Agnesi anakusalimu. Anasema barua zako kwake hazina springi hata moja, naye anashukuru Mungu.

Shangazi yako,
Hyasinta

*

Leeds.
8 Septemba 1957

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na mpe hongera Theopista. Nimefurahi kusikia nyumba imejaa kelele. Hapa nilipo ukimya ni mwingi mpaka nasikia maji yakipita kwenye mabomba. Mwambie mzee Pius kuwa Julai ni Julai.

Umenitania kuhusu kawa, basi leo naifunua sufuria yote. Protini inashikwa na mambo kadhaa kwa pamoja. Vile vifungo vidogo unavijua. Halafu baadhi ya shanga zinayapenda maji na nyingine zinayachukia, na zinazoyachukia hujikusanya pamoja, kama mafuta ya tui yanavyojikusanya juu ya mchuzi. Nyingine zinavutana kwa sababu zina chaji za umeme zinazotafutana. Lakini kwenye unywele bingwa wa wote ni salfa, ile ile ya unga wa njano mnayopaka upele. Baadhi ya shanga zina salfa, na shanga mbili za namna hiyo zikikutana zinashikana mkono, na mkono huo hauachii kwa maji wala kwa moto wa kitana. Ile harufu ya nywele zikiungua ni salfa hiyo.

Kinachoukata mkono huo ni kostiki, yale magadi makali ya wapika sabuni, yanayouzwa hapo hapo Kariakoo. Yakichanganywa na mafuta, yakapakwa kwenye nywele na kusuuzwa upesi, mikono ya salfa inaachana. Unauchana unywele ukanyooka, na hata uoge baharini haurudi. Weusi wa Amerika wamefanya hivyo miaka mingi. Nimejaribu maabara kwa fungu la sufu nikastaajabu mwenyewe, maana lililala kama hariri.

Karatasi imekwisha, na mengine yote kuhusu kipimo na namna ya kupaka nitaandika wiki ijayo.

Mwanao,
Polycarp

*

Leeds.
3 Novemba 1957

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Wiki ijayo imekuwa miezi miwili. Homa ya mafua imeingia nchi hii na kuangusha nusu ya mji, nami nikiwa mmoja wao. Ikageuka kuwa kifua. Nililala hospitali, kisha chumbani, na kalamu niliiona nzito kama mchi. Sasa natembea. Usimwambie mama.

Soma haya kwa makini kabla ya kugusa kostiki. Iwe kidogo sana kwenye mafuta mengi. Mikono ivae mpira. Ngozi yote ya kichwa ipakwe vaselini kwanza. Ikiwasha tu, maji mengi mara moja. Kubwa kuliko yote ni hili: kichwa kisioshwe wala kukwaruzwa kwa siku kadhaa kabla. Sheria yako naijua, nimekua nikiisikia: "Kichwa kichafu hakiingii kwangu." Unaosha kwa sabuni, unasugua kwa brashi, unakwangua mba kwa mkia wa kitana mpaka ngozi inang'aa. Kwa kitana cha moto ni sawa kabisa. Kwa kostiki ni hatari, kwa sababu ngozi nayo ni protini, na mafuta yake ya asili ndiyo ngao yake. Ukiyaondoa, kostiki haitajua unywele ni upi na ngozi ni ipi.

Agnesi hajaniandikia tangu mwanzo wa Oktoba. Labda barua zimekwama njiani. Mwambie nilikuwa naumwa, si kwamba nilimsahau.

Polycarp

*

Kariakoo.
15 Desemba 1957

Mwanangu Polycarp,

Marahaba. Pole sana kwa ugonjwa. Tumekuombea misa. Baba yako ameezeka nyumba upya kwa mabati na anasema sasa mvua ikinyesha hawasikilizani. Mtoto wa Theopista ameota meno. Barabara ya Msimbazi ilijaa maji wiki nzima, watu wakavua viatu kwenda sokoni. Bei ya nazi imepanda. Kivuko cha Magogoni kiliharibika, wa Kigamboni wakalala mjini.

Habari za dawa tuziache. Nimerudi kwenye kitana changu, na yule wa Mtaa wa Kongo na afanye atakavyo.

Agnesi yupo. Ana shughuli.

Krismasi njema.

Hyasinta

*

Leeds.
16 Februari 1958

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Theluji imefika magotini na nimejifunza kutembea kama bata. Mshukuru baba kwa picha ya nyumba.

Shangazi, nimeisoma barua yako ya Desemba mpaka mikunjo yake imechanika. Wewe ulishawahi kuniandikia kurasa mbili juu ya paka wa jirani. Safari hii umenipa bei ya nazi na kivuko kilichoharibika, na Agnesi umempa maneno manne. Yeye mwenyewe hajaniandikia hata mstari. Nimemtumia barua tatu.

Mimi si mtoto. Kama kuna mwanaume, niambie. Miaka mitatu ni mingi na sikumfunga kwa pingu. Kama ameirudisha posa, wewe ndiye mshenga, ilirudi mikononi mwako, na ni haki yangu kujua.

Nakuuliza kwa sababu hii. Mkubwa wetu wa maabara ananitaka nibaki miaka miwili zaidi. Jibu anataka mwisho wa Machi. Zamani ningekataa bila kufikiri. Sasa najiuliza narudi kwa nani, na narudi na nini. Mlimtuma daktari, atashuka melini mtaalamu wa kondoo. Kama Agnesi hayupo, afadhali nibaki na kondoo wangu.

Nijibu kweli tupu.

Polycarp

*

Kariakoo.
9 Machi 1958

Mwanangu Polycarp,

Marahaba, baba. Wa Peramiho wazima. Goti langu baya. Leo sitazunguka.

Hakuna mwanaume. Ningependa kungekuwa na mwanaume, ningemfukuza kwa mwiko.

Barua yako ya kostiki ilifika mwisho wa Septemba. Nikangoja ya pili wiki moja, mbili, mawingu ya vuli yakaanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikaenda kwa mpika sabuni nyuma ya soko nikanunua. Nikachanganya na mafuta ya nazi kwa kukadiria kwa macho, kama ninavyopima chumvi. Na desturi yangu ndiyo unayoijua, kitu kipya sikiweki kwenye kichwa cha mteja kabla sijakijaribu nyumbani. Nilitaka kuweka kwangu. Agnesi akasema, "Shangazi, zako ni mvi, hazitaonyesha kitu. Weka kwangu. Polycarp kasema itakuwa kama hariri."

Nikamwosha, Polycarp. Nikamsugua kwa brashi na sabuni ya kipande, nikamkwangua ngozi nzima kwa mkia wa kitana, vizuri kuliko mteja yeyote, kwa sababu ni mkwe wangu nampenda. Kisha nikapaka.

Alianza kusema inawasha. Nikamwambia vumilia, uzuri ni kazi. Neno hilo nalisikia kila nikilala. Alipopiga kelele nilikimbilia pipa la maji na lilikuwa nusu. Nywele zilitoka na kitambaa. Upande wa kulia, kutoka juu ya sikio mpaka karibu na utosi, ngozi ilikwenda nazo. Alilala hospitali. Mzee Pius alikuja akanitazama, akamchukua mwanawe Magomeni. Afadhali angenitukana.

Barua yako ya masharti ilifika Novemba. Nilipofika pale pa "kisioshwe wala kukwaruzwa" niliketi chini sakafuni. Sikulaumu kwa ugonjwa. Lakini ile barua ya kwanza, mwanangu, ungeandika neno "ngoja" tu. Hata pembeni.

Amepona. Upande wa kushoto nywele zimeota. Anavaa kilemba, hakivui hata mbele ya mama yake. Aliniapisha kwa rozari nisikuandikie. Posa yako aliniletea Januari, akasema, "Mwambie nimebadili nia, aoe huko huko." Niko nayo kabatini, sijairudisha popote, wala sikukuambia. Leo nimevunja kiapo, na padre keshaniambia niombe toba. Nitaomba. Mficha uchi hazai, na mimi sitakubali ubaki Ulaya kwa jambo ambalo halipo.

Nilie au nisilie, ni mkono wangu.

Hyasinta

*

Leeds.
23 Machi 1958

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kadhaa.

Mkono ulikuwa wako, lakini kilichouongoza ni karatasi yangu. Nilijua hatari tangu siku ya kwanza. Maabara tunavaa mpira mpaka viwikoni. Lakini sehemu ya salfa ilikuwa tamu kuandika, nilitaka wateja wako wasikie jinsi mwana wa Peramiho anavyojua mambo, na hatari nikaiachia karatasi nyingine. Kwa hiyo tusigombanie lawama, inatutosha wote wawili.

Nataka nikwambie ninachokijua kwa hakika, umsomee Agnesi akikubali kusikiliza. Unywele uliotoka nje ya ngozi ni kitu kilichokufa. Ukishavunjwa hivyo haurudi, kama yai lililochemshwa lisivyorudi kuwa ute, maana nyuzi zake zimekwisha kufumuka na kutatizana. Lakini shina lililo ndani ya ngozi ni hai. Lenyewe ndilo linalotunga shanga, na linazitunga kwa mpangilio ule ule. Mwaka jana wataalamu Amerika walichukua protini moja ya kongosho la ng'ombe, wakafungua vifungo vyake vyote, hata vya salfa, ikabaki uzi mtupu usio na kazi. Wakaiondolea dawa iliyoifungua, wakaiacha polepole kwenye hewa. Ikajikunja yenyewe, bila kuonyeshwa, ikashika vifungo vyake vya zamani na kuanza kazi. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa sijajua yaliyompata Agnesi. Sasa ndiyo naifikiria njiani kwenda na kurudi.

Basi upande wa kushoto zitakuwa nywele zake zile zile, zenye mikunjo yao. Wa kulia sina uwezo wa kumdanganya. Kama ngozi imepona ikawa laini, inang'aa, haina vitundu, mashina yamekufa na hapo hapataota. Hakuna dawa Leeds wala popote. Nikimwambia vinginevyo nitakuwa nimemwandikia nusu barua kwa mara ya pili.

Nimemwomba mkubwa wangu anivumilie mpaka katikati ya Mei. Mwambie Agnesi nataka kurudi. Mimi sijabadili nia.

Polycarp

*

Kariakoo.
27 Aprili 1958

Mwanangu Polycarp,

Marahaba. Mama yako amekuja mjini kutibiwa macho, yuko hapa nami, anapika kuliko anavyotibiwa. Masika imechachamaa na paa linavuja juu ya jiko.

Nilikwenda Magomeni na barua yako. Mzee Pius alinifungulia mlango, akanikaribisha ndani, na hiyo peke yake ilinitoa machozi. Nikamsomea Agnesi, yeye akishona bila kuinua macho. Pale pa yai akasema, "Kwa hiyo mimi ni yai?" Nikamwambia, "Nywele zako, mwanangu, si wewe." Pale pa kusema hapataota, sindano ikasimama. Nikadhani nimemuua. Akasema, "Miezi yote hii kila mtu ananiambia zitaota. Daktari, mama, wewe. Huyu ndiye wa kwanza kusema kweli."

Halafu akakasirika. Akasema, "Anataka kurudi kwa huruma. Anajisikia vibaya, basi anataka kunioa kama mtu anayelipa chungu alichovunja. Simtaki wa namna hiyo." Nikamwambia Polycarp si hivyo. Akanijibu, "Yeye anaijua habari yangu tu. Sura yangu hajaiona." Na hilo ni kweli.

Jumatatu akanikuta kazini akaniambia, "Twende kwa mpiga picha." Tukaenda kwa Bwana Arvind, yule Mhindi wa karibu na soko. Akamweka kwenye kiti, akamtengenezea taa, akamwambia kwa upole, "Mama, kilemba kizuri sana, tupige nacho." Agnesi akakivua. Mimi nilikuwa sijakiona kichwa chake mchana kweupe tangu Oktoba. Nikageukia ukutani. Bwana Arvind alirekebisha taa, akampiga picha upande wa kulia, kama alivyotaka mwenyewe.

Picha imo ndani ya bahasha hii. Ujumbe wake ni huu, nauandika kama alivyousema: "Asiandike kwamba anasikitika. Aitazame. Kama anaweza kuamka na kichwa hiki kila siku, aje, aseme lini. Kama hawezi, airudishe picha, sitaki ibaki Ulaya, na sitamlaumu."

Mimi nimemaliza ushenga wangu. Nimebaki kusubiri tarishi kama wengine.

Hyasinta

*

Leeds.
11 Mei 1958

Shangazi,

Shikamoo, na mama mwamkie. Macho yake yapone upesi.

Nimeitazama. Niliitazama usiku chini ya taa, nikaitazama asubuhi dirishani, na leo nimekwenda nayo maabara mfukoni. Amenikataza kuandika kwamba nasikitika, basi siandiki.

Kwa mkubwa wangu nimekataa ile miaka miwili. Nafasi ya meli nimepata. Natia nanga Dar es Salaam wiki ya pili ya Julai. Mwambie mzee Pius. Posa itoe kabatini uirudishe Magomeni kwa mikono yako, ushenga wako haujaisha.

Na Agnesi mwambie picha sirudishi. Amenuna humo kweli kweli, jicho lile linanifuata kila ninapokaa, na ana haki. Ila kumwona kwenye karatasi hakunitoshi. Nakuja aninunie ana kwa ana.

Polycarp